Magunia ya Mihogo Chini ya Maji

Kaa hapa nikueleze taratibu, maana jambo hili likisemwa haraka haliingii.

Mwaka 2013, nikifundisha sayansi Makere, nilipanga chumba kwa fundi matofali mmoja. Nyuma ya nyumba lilikuwepo shimo alikochimba udongo wa matofali, likajaa maji. Akina mama wa jirani walivundika humo mihogo, magunia wakiyazamisha kwa mawe ili wezi wasiyaone. Mvua zilipozidi, hakuna aliyeyafikia bila kuzama. Mzamaji alikuwa mwenye nyumba wangu, na ujira wake ulikuwa utani.

"Shemeji, mbona unahema kama umekimbizwa na mbwa? Uzee huo?" mama mmoja alimtania kutoka ukingoni.

"Uzee uko kwa mumeo," alijibu, akavuta pumzi, akazama tena.

Kila mama alitaka gunia lake mapema, awahi jua la kuanika. Basi aliibuka, akasukuma gunia ukingoni, akameza hewa kidogo, akarudi. Jioni alijifunga kitambaa kichwani.

"Maji ya hapa yanaumiza kichwa, mwalimu," aliniambia. Nikampa dawa ya maumivu.

Maji hayakuwa na kosa. Ukibana pumzi, hewa ya ukaa inayotengenezwa mwilini inakosa pa kutokea, inajikusanya kwenye damu. Ukiibuka, inahitaji muda kutoka. Ukirudi upesi unazama na mabaki yake, na kila mzamo unaongeza mengine. Kichwa kinagonga, mawazo yanavurugika, na mwisho mtu anaweza kuzimia huko chini. Hewa hiyo nilikuwa naifundisha muhula uleule, ubaoni, kwa mchoro wa jani.

Siku moja aliibuka mikono mitupu, akamwuliza mkewe, aliyesimama ukingoni, yeye anatafuta gunia la nani. Lilikuwa la mkewe mwenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka, akazama. Safari hiyo hakuibuka. Tulimtoa kwa kamba ya ng'ombe, tukiwa tumeshachelewa.

Baadaye mkewe alivundika mihogo kwenye pipa, uani. Asubuhi moja aliniuliza akiwa anaimenya, "Mwalimu, kumbe angepumzika tu, angekuwa hai?"

Nikamwambia ndiyo. Mpaka leo natamani ningekuwa na jibu lililo jepesi zaidi kwake.

Kwa hiyo ukizama, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na awepo mtu wa kukutazama. Kichwa kikianza kuuma, au ukisahau ulichofuata, toka majini, na siku hiyo usirudi.