Mfalme Aliyekataa Kuzika

Baba yangu alibadilisha tamthilia ya kale mbele ya mtaa mzima, na watu wakampigia makofi.

Mimi peke yangu nilijua kwamba pale haigizi.

Baba, mzee Thanasis, alikuwa na bucha hapa mjini Volos. Alipostaafu akajiunga na kikundi chetu cha maigizo, akapewa nafasi ya mfalme. Katika tamthilia hiyo, ndugu wawili wameuana. Mmoja anazikwa kwa heshima. Mwingine mfalme anaamuru asizikwe, atupiwe mbwa.

Mimi niliigiza dada yao, anayekaidi na kumzika.

Sasa sikia ya kwetu.

Kaka yangu Fotis aliendesha gari amelewa. Kaka yetu mkubwa, Argiris, akafia palepale. Baba akamtimua Fotis. Baadaye Fotis naye akafa Thesaloniki, pombe imemmaliza ini.

"Baba, tukamlete Fotis."

"Nani?"

"Fotis, baba."

"Mwanangu nilishamzika. Kula, chakula kinapoa."

Nikanywea. Manispaa ikamzika.

Miaka kadhaa baadaye, siku ya onyesho, nilikuwa nimepiga magoti, nangoja baba aamuru nikamatwe. Akanikodolea macho. Mwongozaji wetu, Evgenia, akamnong'oneza maneno kutoka pembeni.

Baba akasema, "Mzikeni. Mzikeni mtoto wangu."

Ukumbi ukalipuka.

"Mzee, leo umetisha," Evgenia alimwambia nyuma ya pazia.

Baba akanishika mkono. "Kesho tukamchukue."

Tukaenda Thesaloniki na kisanduku cha kuwekea mifupa. Kwetu kaburi ni la kupanga. Muda ukiisha linafukuliwa, ndugu wanachukua mifupa yao.

Mlinzi wa makaburi akakuna kichwa.

"Huyu tulishamtoa. Hakuja mtu, akaingia shimo la wote."

"Si mngepiga simu?" nikafoka.

"Tulipiga, dada. Akapokea mzee. Akasema hana mtoto wa jina hilo."

Nikamgeukia baba.

Hakubisha. Alikwenda hadi ukingoni mwa shimo, akachungulia ile mifupa iliyochanganyika.

"Yupi?" akauliza. "Nionyesheni wangu ni yupi."

Tukarudi na kisanduku kitupu.

Jamani, mimi si mtu wa mahubiri. Ila ile tuliyodhani ni hasira ya baba ilikuwa msiba aliokataa kuulilia. Kama kuna mtu wako umemfuta, mtafute leo, hata kama bado umekasirika. Baba alingoja hasira ipoe kwanza.