Fahali wa Issenye na Kichwa cha Treni

Katika wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, hakuna reli hata ya kuchomea mahindi. Ukitaka kusikia honi ya treni kutoka Nyangoto, kijijini kwetu, upande magari mawili, ulale njiani, na bado upepo uwe upande wako. Lakini miaka ile dhahabu ilipochachamaa, nakuapia, Nyangoto ilikuwa na wataalamu wa treni wengi kuliko wachimbaji.

Mimi nilikuwa fundi rangi. Uchimbaji ulinishinda wiki ya kwanza: nilishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, nikaona huko chini hakuna ninayemfahamu, nikapanda. Juu kulikuwa na kazi tele. Kila aliyepata dhahabu alijenga, na kila aliyejenga alitaka nyumba ing'ae mpaka watu wa Kenya wafumbe macho bila kuvuka mpaka wa Sirari.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwenye duara mmoja aliyekuwa na meno matatu ya dhahabu, na mdomo usiofungwa ili meno yasipate giza. Alinipa kazi ya kupaka nyumba, geti, banda la kuku, na mawe yaliyozunguka bustani isiyokuwa na ua hata moja. Kuku wake walianza kutaga mayai yenye harufu ya rangi ya mafuta, na hapo siongezi sana.

Siku moja akaniita sebuleni. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na kichwa cha treni cha plastiki, kirefu kama mkono wangu, alichokinunua ng'ambo ya mpaka. Kilikuwa cha waridi, magurudumu ya njano, na mbele kimechorwa macho na tabasamu.

"Baba mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Ameendesha treni huko Kenya mpaka akastaafu. Nataka akiingia tu aone namheshimu. Sasa nimwonyeshe hii inayocheka?"

"Niambie rangi ya treni yenyewe," nikasema, "leo leo naipaka."

"Hiyo ndiyo nakuuliza wewe, msomi."

Msomi nilikuwa kweli. Nilimaliza darasa la jioni la watu wazima nikiwa na ndevu, na cheti changu mama alikifungia sandukuni kwa kufuli. Lakini treni pekee niliyoisoma ilichorwa ubaoni kwa chaki. Treni ya elimu yangu ilikuwa nyeupe, na ilikuwa na ubavu mmoja tu.

Wageni waliokuwepo sebuleni wakanisaidia bila kuombwa. Mnunuzi wa dhahabu alisema treni ni ya kijani, aliiona kwenye kalenda. Mwinjilisti alisema ni nyeusi, maana kitu chenye moto tumboni hakiwezi kuwa na rangi nyingine. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa na maoni yake ya kawaida: "Rangi yoyote, ila bomba na magurudumu yawe dhahabu."

"Treni si jino," ikasema sauti kutoka kwenye kochi la pembeni.

Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuja kwa ajili ya chai. Ujana wake mjomba aliupitishia Kisumu, na tangu arudi alikuwa akisimulia kwamba huko aliendesha treni. Kijijini walimsikiliza kama watu wanavyosikiliza redio yenye betri chovu. "Dereva wa treni," walimtania, "mbona hata baiskeli unashuka kwenye mteremko?"

Mwenye duara akamgeukia. "Vizuri, mjomba. Wewe utatoa rangi. Baba mkwe akiikubali, kila mtu hapa atakoma kukucheka, nitawaambia mimi mwenyewe. Akiikataa, usinisimulie tena habari za treni, wala usikae kwenye kochi hilo."

Watu wakashangilia. Mjomba akashusha kikombe polepole.

Kesho yake akaja kibandani kwangu. "Ilikuwa nyekundu," akasema.

Nikafungua kopo la rangi nyekundu. Akatema mate. "Hiyo ni nyekundu ya soda. Treni ilikuwa nyekundu ya fahali wa baba yako."

"Fahali yupi, mjomba?"

"Yule wa mgongo mrefu! Nyekundu iliyokaa na moshi. Mura, kijana wangu, umesoma mpaka umesahau ng'ombe wa kwenu?"

Nilichanganya nyekundu na kahawia mara kumi na saba. Hii ni ya ndama, akasema. Hii ya ng'ombe mgonjwa. Hii ya mbuzi kabisa. Mwishowe nikakumbuka kwamba fahali yule alikuwa ameacha uzao: mtoto wake tulimtoa kwenye mahari ya kaka yangu, kwa wakwe zetu kule Issenye. Asubuhi tukafunga makopo matatu kwenye baiskeli, tukaenda kuomba rangi kwa fahali. Kila mteremko mjomba alishuka.

Tulimkuta malishoni, mwekundu mzito, shingo imeiva kama chungu cha zamani. Mjomba akasimama akamtazama kwa muda mrefu. "Ndiyo yenyewe," akasema taratibu. "Ukimwongezea honi unakata tiketi."

Sasa, fundi makini hapimi kwa macho. Nikachovya brashi, nikampaka doa dogo kwenye paja. Likaonekana. Nikaongeza kahawia, nikapaka la pili. Lilikuwa linakaribia kupotea kwenye ngozi nilipotazama pembeni nikamwona mchungaji wa kuajiriwa, mgeni kwetu, amesimama mdomo wazi. Wezi wa mifugo wamewahi kufanya mengi nchi hii, lakini hawa walikuja na brashi.

"Wanabadilisha ng'ombe rangi!" akapiga yowe. "Wezi! Wanampaka!"

Nadhani Issenye nzima ilitoka. Walikuja na fimbo, na majembe, na mmoja alikuja na kiti sijui cha nini. Mjomba akainua mikono. Mimi nikainua brashi, kosa kubwa.

"Mnafanya nini na ng'ombe wa watu?"

"Tunatafuta rangi ya treni," nikajibu.

Ukweli ule ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote ambao ningeweza kuutunga.

"Treni gani huku Issenye?" akauliza mwenye kiti.

Tuliokolewa na mama mkwe wa kaka yangu, aliyepita katikati ya fimbo zile kama anayepita kwenye mtama. "Shikamoo mama," nikasema huku natetemeka. "Marahaba," akasema, "na huyo fahali mtamwosha kabla ya kula." Tukamwosha kwa mafuta ya taa. Doa la pili hatukujua tulitafute wapi, ndipo nikajua rangi imepatikana.

Tuliporudi Nyangoto nikasugua lile tabasamu kwa msasa, nikapaka wekundu wa fahali kuanzia mbele mpaka nyuma, bomba likiwemo, maana mjomba alisema treni nzima ni rangi moja. Lakini ilipofika kwenye magurudumu mjomba akabadilika. Alipiga magoti kando ya meza yangu. Akataka masizi ya sufuria yachanganywe na mafuta yapakwe hapa, si pale. Akataka tone la grisi kwenye ungio la chuma kirefu kinachosukuma magurudumu. Na katikati ya uchafu wote akataka pabaki pahali pasafi panapong'aa, pakubwa kama kucha ya kidole gumba.

Mwenye duara alipoona alishika kichwa. "Umenichafulia kitu kipya!"

"Ikiwa safi," mjomba akamwambia, "baba mkwe wako atadhani ni keki."

Jumamosi mchana baba mkwe akafika, mzee mfupi wa maneno machache na miwani miwili, mmoja usoni na mmoja mfukoni. Wataalamu wote walikuwepo: yule wa kijani alikaa karibu na mlango, yule wa nyeusi akakaa chini ya kalenda. Mjomba alikuwa kwenye kochi, amenyooka kama aliyemeza fimbo.

Mzee akakiona kichwa cha treni. Akakishika kwa mikono miwili.

"Rangi ndiyo hii hii," akasema. "Mmeipata wapi?"

Mjomba akatoa pumzi. Lakini mzee alikuwa bado anatazama. "Bomba jekundu? Bomba lilikuwa jeusi siku zote. Na huku kwa dereva, nilikokaa mimi, hakukuwa hivi hata kidogo." Chini ya kalenda mwinjilisti akajikohoza kwa fahari. "Aliyewapa rangi hizi hajawahi kupanda juu."

Nikaona watu wanaanza kumgeukia mjomba, mdomo wa mnunuzi wa dhahabu ukiwa tayari. Hapo mzee akabadilisha miwani, akakipindua kichwa cha treni chini juu. Kidole chake kikagusa pale pahali safi kwenye grisi.

"Hapa," akasema, "anapajua aliyepafuta kwa mkono wake." Akainua uso. "Ni nani hapa alikuwa mfuta magurudumu?"

Akatupitia kwa macho mmoja mmoja.

"Maana nyinyi watu mlinitesa! Mlikuwa mnaacha grisi kwenye ngazi. Nimeteleza pale nikavunja jino!"

"Ngazi haikuwa kazi yetu!" mjomba akaruka kwenye kochi. "Ngazi ni ya watu wa zamu ya pili! Sisi ni magurudumu tu!"

Akasikia alichosema. Sebule nzima ilisikia. Kicheko kilichofuata nafikiri kilifika Kenyamonta na kurudi.

"Kwa hiyo hukuendesha," akasema mwenye duara.

"Sasa ingekwendaje bila magurudumu?" mjomba akajibu, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Baba mkwe hakucheka. Alisogea pembeni ya kiti chake kipana, akapiga mto kwa kiganja. "Njoo ukae hapa, bwana magurudumu. Zamu ya pili unaikumbuka? Yule msimamizi mnene?" Mpaka jioni walikuwa wanabishana juu ya matambara, yapi yalinyonya grisi na yapi yaliisambaza tu, na sisi wengine tuliokuwa wataalamu wiki nzima hatukupata pa kuingiza neno.

Tukirudi nyumbani mjomba alisukuma baiskeli. Tulipofika kwenye mto akasimama.

"Mura, ukiwa chini ya kichwa cha treni huinui macho. Mafuta ya moto yanakudondokea. Miaka yote ile bomba sikuwahi kulitazama vizuri."

"Sawa, mjomba."

"Asubuhi nenda ukalipake jeusi."

Nikaenda.