Wewe Nimekusamehe, Gari Bado

Thadeus wa Kibosho alikuwa dereva wa aina ambayo matajiri humwomba Mungu awape, na wakishapewa humtumia vibaya. Hakunywa akiwa na funguo mfukoni. Hakubeba abiria wa kuiba njiani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alilizunguka gari lote akilikagua kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, na akiona kasoro aliiandika kwenye kitabu cha gari kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la saba na kujivunia darasa hilo. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha magari ya Primus, mwenye stoo ya vifaa vya ujenzi pale Kiboriloni, na katika miaka hiyo hakuwahi kugonga hata kuku.

Primus naye alikuwa mtoto wa Kibosho. Vihamba vya baba zao, yale mashamba ya migomba ya ukoo, vilipakana, na wote wawili walibatizwa parokia moja. Mbele ya wateja Thadeus alimwita bosi, lakini wakikutana baada ya misa alimwita kaka, kwa kuwa Primus alimzidi miaka minne. Kanisani Primus alitoa sadaka kwa sauti, watu wakapiga makofi. Stoo alikuwa mkono wa birika, hata sabuni ya kunawia mikono aliikata vipande.

Breki za Kenta, lori dogo alilopewa Thadeus, zilianza kuzama mwezi Machi, mvua zilipoanza. Thadeus aliandika kitabuni. Juma lililofuata aliandika tena. Mara ya tatu, Esther, karani wa stoo, aliisoma taarifa hiyo kwa sauti ili bosi asikie.

"Breki zina nini?" Primus aliuliza bila kuinua macho kwenye simu yake. "Si gari linasimama?"

"Linasimama, bosi, lakini mpaka liombwe."

"Basi liombe."

Watu wa stoo walicheka. Thadeus naye akacheka, maana utafanya nini.

Siku nne baadaye alipandisha saruji Kibosho, akaishusha, akapakia ndizi za kupeleka sokoni, akaanza kuteremka. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani alikanyaga breki, pedali ikaenda hadi sakafuni na kubaki huko huko. Alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, lakini gari lilizidi kuchanganya mbio. Mbele yake wanawake wanne walikuwa wamejaza barabara, mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani, hawaoni nyuma. Thadeus alikata usukani na kuliingiza gari kwenye ukuta wa udongo kando ya barabara. Bampa lilijikunja, rejeta ikapasuka, kioo cha mbele kikamwagika mapajani mwake, na mfupa wa bega ukavunjika. Wanawake wale walitupa majani yao wakamtoa, na mmoja akamfunga mkono kwa kitenge chake.

Primus alifika baada ya saa nzima. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga picha bampa, akapiga picha rejeta, akainama kutazama chini. Ndipo akamwendea dereva wake aliyekuwa amekaa kwenye nyasi, jasho la maumivu likimtoka.

"Gari nilikukabidhi zima," alisema. "Utalirudisha zima."

Habari ya bega hakuuliza. Mpaka leo hajauliza.

Mwisho wa mwezi bahasha ya mshahara ilikuja nyepesi. Robo tatu ya mshahara ilikuwa imekatwa. Ndani hamkuwa na hesabu ya fundi wala barua, ila kikaratasi ambacho Primus mwenyewe aliandika neno moja: Gari.

Aliyepandwa na hasira ni Jackson, dereva mwenzake wa pale stoo, mwanamume wa miaka thelathini, mwenye mke aliyejifungua juzi tu na simu iliyojaa vifungu vya sheria. Jackson aligombana na trafiki kwa vifungu, akagombana na mwenye nyumba wake kwa vifungu.

"Mzee Thade, hapa umepigwa mchana kweupe," alisema. "Sheria ya kazi iko wazi. Hasara ya gari haikatwi kienyeji. Kwanza kosa liwe lako. Halafu akuandikie hasara ni kiasi gani, hesabu kaipataje, na akupe nafasi ujitetee. Na hata ukiwa umekosa kweli, hakati zaidi ya robo ya mshahara. Robo, mzee wangu! Nenda pale mjini kwenye ofisi ya usuluhishi wa mambo ya kazi, hulipi hata senti. Na kile kitabu kipigwe picha leo leo."

"Kitabu kiko kwa Esther," Thadeus alijibu. "Kitakwenda wapi?"

Ya ofisi hakuyataka. Kumshitaki Primus, mtu ambaye koo zao zimechimbiana makaburi! Angepita vipi njia ile ya kwenda kanisani? Mwezi wa pili bahasha ilikuja vile vile. Bernadetha, mkewe, aliuza ndama. Mwezi wa tatu dukani walianza kumwambia sukari imekwisha huku anaiona. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na Thadeus akaamua kumaliza jambo kwa njia anayoijua.

Jumapili alfajiri alikwenda makaburini kwa wazee wake, nyuma ya nyumba, ambako mmea wa isale umepandwa kuzunguka. Alikata jani moja refu, akalifunga fundo. Kwa Wachagga jani hilo halina mzaha. Mkosaji hulichukua akaenda nalo kwa aliyemkosea, na anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Akilipokea, ugomvi umekwisha, hata kama ulikuwa wa damu.

Bernadetha alimkuta analifunga.

"Isale hupelekwa na mkosaji," alisema. "Wewe umekosa nini?"

"Nimechoka, mama Violet."

"Kuchoka siyo kosa. Unakwenda kusema uongo kwa jani la baba yako?"

Thadeus alivaa koti la misa na kutoka. Mwanamke yule alikuwa ameona jambo zima kwa maneno machache, na mumewe akapita kando yake kama asiyesikia.

Primus alilipokea isale kwa mikono miwili, uani kwake, mbele ya ndugu na majirani. Machozi yalimlengalenga. Alimkumbatia Thadeus upande wa bega bovu na kuamuru mbege, pombe ya ndizi, iletwe. Walikunywa kibuyu kimoja, wakakumbushana walivyoiba maparachichi ya mapadre. Thadeus alirudi nyumbani akiimba, na usiku huo alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Jumatatu asubuhi Esther alimsogezea karatasi iliyochapwa.

"Bosi anasema ni ya kufunga ile habari. Weka sahihi hapa chini."

Thadeus hakuisoma. Mtu aliyesamehewa jana hasomi karatasi leo kama askari. Esther alimtazama, akachelewa kumpa kalamu. Thadeus akatia sahihi, tena kwa madoido.

Mwisho wa mwezi bahasha ikaja nyepesi kama kawaida. Alidhani ni kosa la hesabu. Alimfuata Primus ofisini akiwa anatabasamu, maskini, kofia mkononi.

"Bosi, nadhani Esther amesahau kwamba lile jambo lilikwisha."

Primus alivua miwani akaifuta taratibu.

"Wewe nimekusamehe, Thadeus," alisema. "Gari bado."

Kisha akamwonyesha ile karatasi. Iliandikwa kwamba mimi Thadeus nimekubali kuwa ajali ilikuwa uzembe wangu, na nimeridhia kukatwa mshahara mpaka gharama zote ziishe. Chini yake ilikuwa sahihi yake yenye madoido.

Siku hiyo hiyo alikwenda mjini kwenye ofisi ya usuluhishi, Jackson akimwonyesha njia. Alipangiwa tarehe. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mtu wa mkoa mwingine, na alisikiliza kwa makini bila kumkata mtu kauli. Alimweleza Primus kwamba robo tatu hairuhusiwi, awe na karatasi asiwe nayo. Kilichozidi robo akirudishe. Kisha akamgeukia Thadeus.

"Na kuhusu kosa lenyewe, unaweza kulipinga. Mkishindwa kuafikiana hapa, shauri litasikilizwa na kuamuliwa. Unasema uliandika habari za breki?"

"Mara tatu, mama. Kwenye kitabu cha gari."

Primus alikitoa kitabu. Kilikuwa safi, na kurasa za Machi hazikuwamo. Pale zilipokuwa, uzi wa kitabu ulikuwa umelegea. Thadeus alikigeuza, akakigeuza tena.

Ndipo Primus akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa lile jani la isale, limekauka, fundo bado liko. Alimweleza msuluhishi maana yake vizuri kabisa, kwa upole, kama katekista.

"Ni kweli ulimpelekea?" mama yule aliuliza.

"Ni kweli."

"Na hupelekwa na aliyekosa tu?"

"Ndiyo."

"Basi niambie mwenyewe. Ulikosa?"

 Jackson, aliyekaa nyuma, alikuwa akimtikisia kichwa: sema hapana, mzee, sema hapana. Neno lilikuwa pale mdomoni. Lakini akisema hapana, atakuwa amesema kwamba alikata isale juu ya kaburi la baba yake akaenda kudanganya nalo. Nani Kibosho angepokea tena isale la nyumba ile? Na binti yake Violet akiolewa, na likitokea neno huko, ataombewa msamaha kwa jani la nani? Primus alijua hayo yote. Alijua tangu siku aliyolipokea kwa mikono miwili na machozi yake ya mamba.

"Nilikosa," Thadeus alisema.

Waliandikishana robo kila mwezi, mpaka gari liishe kulipwa. Kwa hesabu ya fundi wa Primus, hiyo ilikuwa miaka minne na ushee. Mlangoni Primus alimrudishia jani.

"Litunze," alisema. "Bado una miaka mingi kwangu."

Bega lilipopona sawasawa, Thadeus alitolewa kwenye kazi ndogo ndogo za stoo akarudishwa kwenye Kenta. Ilikuwa imetoka gereji inang'aa. Bampa jipya, kioo kipya, rangi mpya ya bluu, vyote vyake, kwa jasho lake. Alilizunguka gari kama desturi, akapanda, akawasha, akasogea hatua chache uani na kukanyaga breki.

Pedali ikazama mpaka sakafuni.

Alikanyaga tena, ikazama. Gari lilisimamishwa na rundo la mchanga. Thadeus alikaa pale juu, na hasira aliyoimeza tangu Machi ikampanda yote kwa pamoja mpaka macho yakaona giza. Alizima injini, akashuka, akaziweka funguo mkononi mwa Primus.

"Endesha wewe, kaka," alisema mbele ya wateja.

Primus hakubishana naye. Hakumtazama hata. Aligeuka tu na kunyoosha mkono wenye funguo upande wa pili.

"Jackson. Saruji inasubiriwa Kibosho. Hutaki, sema, kuna watu kumi getini wanaitafuta kazi yako."

Jackson aliyejua vifungu vyote alizitazama funguo. Alimtazama Thadeus, akatazama chini. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano. Akazipokea.

Thadeus alimfuata mpaka mlangoni mwa gari akamshika mkono.

"Andika kitabuni kwanza," alisema. "Breki hazishiki. Halafu piga picha."

"Nimeshapiga, mzee," Jackson alijibu kwa sauti ndogo. "Namtumia mke wangu."

Akapanda. Kenta ilitoka getini ikiwa na mifuko mia ya saruji, ikakunja kushika barabara ya mlimani. Primus alirudi ndani kuhudumia wateja. Thadeus alikaa kwenye rundo la mchanga, kisimu chake cha tochi mkononi, akisubiri kiite.