Kocha wa ubongo aliniambia niweke dawa nyumbani kwetu, nikaogopa kuingia chumba kimoja

Paa!

Wakuu, hilo ni kofi la kocha wangu. Mpaka leo nalisikia masikioni. Nawasalimu kutoka kwenye baridi la Sumbawanga. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nasoma kozi ya kuuza dawa dukani. Elimu yangu form four, tena ya kuungaunga. Mtihani wa kwanza nilifeli, dozi zote ziliyeyuka kichwani.

Ndoto yangu ni duka langu kijijini kwetu Mpui (rangi ya mlango nimeshachagua, msicheke). Ila je, nikisahau, nikampa mtoto wa mtu dozi isiyo yake? Wazo hilo linanitetemesha.

Rafiki akanipeleka kwa dada mmoja Majengo, anajiita brain coach. Nilidhani tapeli.

"Mdogo wangu, kichwa chako kizima," akasema. "Fumba macho, tembea ndani ya nyumba unayoijua, kila mahali acha dawa moja. Nikipiga kofi la viganja, unahamia mahali panapofuata."

Nikachagua kwetu. Mlangoni paracetamol. Jikoni, juu ya mafiga, dawa ya minyoo. Ikakubali!

Nikawa nafanya mazoezi uani nilikopanga, Katandala. Macho nimefumba, midomo inacheza. Mama mwenye nyumba akanikuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We binti, unamnuizia nani asubuhi yote hii?"

"Namnuizia paracetamol, mama."

Hakucheka, wakuu. Na mji wetu mnajua unavyosemwa kwa uchawi.

Sasa kosa langu. ORS, ile dawa ya unga ya watoto wanaoharisha, niliiweka chumbani kwa baba, kitandani. Baba alifia mle. Tangu tumzike, mama analala na wadogo zangu, na mlango ule haugusi mtu.

Kila nikifika pale kichwani, namwona amelala, kanigeuzia mgongo.

Kofi linalia, mimi nimeganda. Jasho. ORS siioni, na dawa zote zinazofuata zimepotea.

"Ihamishie jikoni," kocha akasema.

Nikahamisha. Nikifumba macho, najikuta mlangoni kwa baba tena.

"Mdogo wangu, unaogopa mtihani au unamwogopa baba?"

Nililia tu.

Mtihani wa marudio ni wiki ijayo. Jumamosi nikapanda gari la Mpui. Nikakuta mama na wadogo wako shambani.

Nilichojifunza: mbinu hii inafanya kazi kweli, ila usiache kitu kwenye chumba ambacho wewe mwenyewe huwezi kuingia. Kama yamewahi kukukuta, shusha maoni hapa chini. Kunicheka ruksa, mradi mniombee.

Maana siku ile nilisukuma ule mlango peke yangu. Kitanda kitupu. Nikafungua dirisha, nikaketi upande aliokuwa analala baba, nikasema kwa sauti: paketi moja, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe mtoto kidogo kidogo.