Mwitikiaji wa Hellena Hajafa

Kuna watu unawapa wimbo mzima, wanakurudishia kilema, halafu wanangoja uwashukuru. Flavian mwenye studio pale mjini ni mmoja wao, na simung'unyi maneno.

Hellena, jirani yangu hapa Chanji, alianza kurekodi kwa simu ya mama yake. Alikuwa akiziba dirisha kwa blanketi, anaegemeza simu kwenye kopo, na kuikata mtandao ili mtu asipige katikati ya wimbo. Yeye na gitaa kitandani; mama yake, Cornelia, nje ya mlango akipepeta ulezi na kuitikia kutoka hukohuko, kwa sauti yake ya mikwaruzo. Nyimbo hizo zilisambaa kwenye simu za watu mpaka Kasesya, kwa madereva wanaosubiri forodha.

Huko kuitikia si pambo. Wanawake wa ukoo wao wakipura ulezi, kila mwanzilishi wa wimbo ana mwitikiaji wake. Mwitikiaji akiugua, nafasi yake inaachwa kimya. Ukisikia mwingine kaishika, ujue mwenyewe ameshazikwa.

Hellena akatamani wimbo ulioshiba: besi, ngoma, sauti nyingi. Kosa liko wapi? Akaenda kwa Flavian. Ngoma aliziweka vizuri, haki yake nampa. Lakini sauti ya Cornelia aliifuta, akamweka binti mwenye sauti laini, na kabla Hellena hajasikia chochote, wimbo ukapelekwa redioni. Hata kumuuliza hakumuuliza!

Siku mbili baadaye tulisikia kilio njiani. Alikuwa shangazi Coleta, wifi yake Cornelia, amepanda kutoka Ilemba, kule bondeni, na wenzake wawili, kanga kiunoni, unga wa ulezi kichwani kama wafiwa.

"Wifi yangu Cornelia, umeniacha bila kuniaga!"

Aliusikia wimbo redioni, akasikia sauti ngeni ikiitikia, akapiga simu ya Cornelia. Haipatikani. Hellena alikuwa ameikata mtandao, anarekodi. Coleta angewaza nini tena? Mzee Adolfu wa nyumba ya pili alishaanza kutoa mabenchi, ndipo Cornelia akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

"Wewe!" Coleta alisema, akaketi chini palepale na unga wake.

Wengine walicheka. Cornelia hakucheka. Aliomba asikilizishwe wimbo. Ilipofika zamu yake alifungua kinywa, sauti ya yule binti ikamtangulia, akakifunga. Niliona uchungu kwa niaba yake, na bado ninao.

"Kumbe nimezikwa na sikuambiwa," alisema, akarudi kwenye ugali wake.

Kesho yake Hellena alikwenda studio, nami nikamsindikiza, maana nilitaka kumwona huyo bwana usoni.

"Kaka Flavian, mama yangu umemzika."

"Dada, sauti ya bibi imechoka. Mashabiki hawajui hayo mambo yenu."

"Mashabiki ni kina nani? Na waliokuja kulia nyumbani kwangu jana ni kina nani?"

Flavian akavaa spika zake za masikioni. Alituvalia spika, jamani! Hellena akabeba gitaa lake tukaondoka.

Wimbo ulirekodiwa upya uani kwa Cornelia. Isdori, anayerekodi kwaya ya kigango, alileta maikrofoni na besi. Akina mama wa jumuiya walileta fimbo za kupuria, zikawa ndiyo ngoma. Cornelia aligoma kuanza mpaka Coleta apande tena kutoka Ilemba, naye akapangwa kwenye sauti za nyuma. Hapo ndipo nilipousikia wimbo ulioshiba kweli.

Ulipotoka, Flavian alimtumia Hellena ujumbe: kazi si mbaya, ila sauti ya bibi imezidi, apunguze. Hellena alimsomea mama yake uani, sote tukisikia.

Cornelia hakuacha kupepeta. "Mwambie nitapunguza nikifa."