Ortansia ya Mama Iliyotoka Rozi

Mama alisimama mbele ya ua langu la ortansia akiwa bado ameshika mkoba wake. Akalitazama kwa muda, halafu akasema, "Hii haiko yangu."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Kijiti kilichootesha ua lile nilikikata mwenyewe nyumbani kwake Nyalukemba, kwenye ortansia iliyo kando ya ngazi, yenye vichwa vikubwa vya bluu ambavyo majirani huja kuomba kila kukiwa na harusi. Nilikifunga kwa gazeti lililoloa maji, nikakipakata juu ya pikipiki mpaka kwangu Panzi. Nikakipanda karibu na mlango wa jikoni, nikakitengenezea kivuli cha gunia, nikawa nakimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda biro, ofisini. Msimu wa kwanza yalitoka majani tu. Wa pili ndipo kikatoa kichwa kimoja, nikamwita mama aje akione.

"Lakini maman, njo ile yako," nilimwambia. "Ni ileile. Si nilikata mbele yako?"

"Yangu iko bluu. Hii iko rozi. Wewe hauone?"

Niliona. Niliona tangu siku matumba yalipofunguka: rangi ya waridi, rozi kama tunavyosema huku. Nilikuwa nimejiambia kwamba itabadilika ua likikomaa. Haikubadilika.

Mama hakubishana. Alikula, akaniaga, akaondoka. Miezi ile alikuwa ameanza kusahausahau: sufuria inaungua yeye yuko uani, au ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Basi nikaamua kwamba amesahau rangi ya ua lake mwenyewe. Wazo hilo lilinitisha, na wakati huohuo likanituliza, maana kosa halikuwa langu. Lakini nilipojaribu kuikumbuka ortansia ile ya kando ya ngazi, niliyoipita miaka yote ya shule, sikuweza kuapa. Mara naiona bluu, mara naiona rozi. Labda anayesahau ni mimi.

Jumamosi nilikata ua langu nikaenda nalo Nyalukemba. La mama lilikuwa bluu, bluu kabisa. Nikachuchumaa, nikaweka langu kando yake. Majani yalikuwa yaleyale, yenye meno yaleyale pembeni. Mama alitoka akanikuta hapo.

"Ulichanganya mu njia," alisema. "Pengine ulisimama Nyawera, ukaacha yangu pale, ukabeba ya mutu mwingine."

"Sikusimama, maman."

"Basi sijue."

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka: kweli nilisimama sokoni Nyawera siku ile. Nilinunua nyanya, na nilipokuwa nikizichagua niliweka furushi langu chini. Kati ya wauza nyanya na sombe, yale majani ya muhogo, nani angekuwa na kijiti cha ortansia kwenye gazeti? Hakuna. Hata hivyo kwa wiki nzima niliamini kwamba huenda yuko mwanamke fulani mjini humu anayeshangaa ua lake limetoka bluu.

Mwishowe nilimwuliza mzee anayetunza maua ya parokia yetu. Hakulitazama hata ua nililomletea.

"Unamwangaka nini pale chini?" aliuliza.

"Maji, papa."

"Na nini tena?"

Nikafikiri. "Majivu."

Kila asubuhi, nikishazima mbabula, jiko langu la mkaa, nilimwaga majivu yake pale kwa kuwa ni karibu na mlango, nikijisifu kwamba naulisha mmea.

"Njo ile," alisema. "Udongo ya huku iko mukali, njo maana inatoaka bluu. Majivu inaipoza. Maua ni moja tu, maman. Udongo njo iko mbalimbali."

Nilienda kumweleza mama siku hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Majivu?"

"Ee, maman. Majivu."

"Miye namwangaka majivu kwa maharagi. Maharagi haigeuke rangi hata siku moja."

Nilitaka kurudi kwa yule mzee nimwulize kuhusu maharagi, nikaona aibu.

Niliacha kumwaga majivu. Mvua ziliporudi mmea ulitoa vichwa vitatu: kimoja rozi, kimoja zambarau, na cha tatu upande mmoja rozi, upande wa pili bluu. Mama alipokuja nilisimama mlangoni nikimtazama. Alizunguka mmea mara mbili, akainama, akageuza majani kuangalia chini yake.

"Nipe kisu," alisema.

Alikata kile chenye rangi mbili.

"Nitapeleka kwa misa. Wakiniuliza ni maua gani, niseme nini?"

"Sijue, maman."

"Hata miye."

Akashuka barabara akiwa amekishika wima mbele yake, na watu wawili walimsimamisha kabla hajafika kwenye kona.