Mteja wa Saa Saba Mchana

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa, maana sinywi. Usiniulize kama ilikuwa usiku, maana ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya utosi wa Mombasa nzima. Mimi ni fundi wa mashine za barafu. Maisha yangu yote nimeamini kipimo na spana, na mtu akinisimulia mambo ya majini nilikuwa nikimcheka waziwazi. Haya nitakayokueleza niliyaona kwa macho yangu mawili, na kilichonionyesha kilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Sasa nyamaza unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Nilikuwa nikifanya kazi Liwatoni, kwenye vyumba vya baridi vya samaki, na nikikaa chumba kimoja Buxton. Mke wangu Kadzo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akaniachia binti wa miaka minne, Sidi. Mwanamume peke yake, kazi ya zamu, mtoto wa umri ule, ungefanyaje wewe? Nilimpeleka Kaloleni kwa bibi yake, mama mkwe wangu, nikaahidi nitakuwa nikienda kumwona kila mwezi.

Kila mwezi ikageuka Pasaka na Krismasi. Sikuwa mhuni, niamini. Niliona haya tu kwenda mikono mitupu. Kwetu mtu haendi kwa mwanawe hivihivi, tena mbele ya mkwe. Basi mwezi huu nasema nitanunua kitu cha maana mwezi ujao, na mwezi ujao kompresa imeharibika, nalala kazini. Mara ya mwisho nilipokwenda, Sidi alijificha nyuma ya leso ya bibi yake akamwuliza, kwa sauti aliyodhani siisikii, "Mgeni ataondoka lini?"

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikila lipo, nikifunga bolti lipo.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Kaloleni. Dada mkubwa wa marehemu mke wangu, anayekaa Malindi na hakujaliwa mtoto, angekuja Jumamosi kumchukua Sidi awe wake moja kwa moja. Mama mkwe hakuwa na ubaya. Alisema kama mimi namtaka mwanangu nije siku hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe ataulizwa aende wapi. Sasa mtoto wa miaka sita anayekuita mgeni, ukimweka kati yako na mama mkubwa anayekuja kila wiki na halua, unadhani atamtaka nani?

Nikawaza kifundi. Nikasema nitakwenda na kitu kitakachomfungua macho, si mtoto wa bandia wa kusukwa nywele. Mtoto wa fundi apate kitu cha akili: winchi ya kujiundia, sumaku, darubini, kitu ambacho akikishika hatakiacha, na mimi niliyekileta hataniacha.

Palikuwa na duka moja tu la vitu hivyo, ndani ya Mji wa Kale. Mwenyewe Mzee Yusufali, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo, akiuza makufuli, bawaba na misumari. Lakini rafu yake ya nyuma ilikuwa ajabu. Kulikuwa na vipande vya vyuma vyenye matundu na nati zake, mtoto akijiundia daraja. Kulikuwa na mota ndogo za betri, dira, vioo vya kukuza, magurudumu ya meno na roda za kuinulia mizigo, zote ndogo za kuenea kiganjani.

Ijumaa, mkesha wa Jumamosi hiyo, niliomba ruhusa adhuhuri nikakazana kwenda. Nilipofika, mlango uko wazi na fimbo imelazwa kizingitini.

Kama wewe si wa huku, nikufafanulie. Wazee wa maduka ya Mji wa Kale hawakuhangaika kufunga milango wakienda kusali na kula. Mtu alilaza fimbo, au ufagio, kutoka mwimo mmoja hadi wa pili, na kila mtu akaelewa: mwenye duka hayupo, ngoja arudi. Hakuna aliyeiruka. Watoto hawakuiruka, na hata wezi walikuwa wakiiheshimu. Mimi niliiruka. Niliiruka kwa sababu basi la alasiri halingenisubiri, na kwa sababu ndani nilimwona mtu.

Alikuwa mwanamume wa rika langu, shati jeupe, kikoi, kichwa wazi. Amesimama mbele ya ile rafu ya nyuma na boksi mkononi. Nikadhani ni mteja aliyeachwa achague kwa nafasi. Nilimsalimu, akaniitikia kama wana wa Mombasa wanavyoitikia, akaniuliza afya, akaniuliza nyumbani, akaniuliza kazini, mpaka nikasahau haraka yangu. Kisha akatazama mikono yangu iliyojaa makovu ya spana.

"Wewe ni fundi," alisema, akiniita kwa mkono. "Ndoo unisaidie kuchagua."

Tukachagua. Nakwambia kweli, niliifurahia ile saa. Tangu Kadzo afe sikuwa nimekaa na mtu tukazungumza namna ile. Akiinua gari linalokwenda lenyewe kwa betri, namwambia hilo liache, mtoto atalitazama siku mbili na la tatu halimhusu. Akiinua seti ya winchi, namwonyesha kwamba nati ziko sawa lakini spana yake ni kubwa kwa vidole vya mtoto. Nilimfundisha kuyazungusha magurudumu ya meno asikie kama yanashikana, na kukwaruza rangi kwa ukucha, maana mtoto kila kitu hutia mdomoni. Alinisikiliza kama mtu anayesikia habari za kwao. Kila kitu alikishika, akakipapasa, akakirudisha taratibu, akauliza, "Na chengine?"

Nilichukua dira nimwonyeshe. Sindano ya dira hutakiwa itulie kaskazini, upande wa Nyali. Ile ilimwelekea yeye. Nikasema moyoni ni haya makufuli yanaivuta. Akahamia upande wa pili wa rafu, na sindano ikamfuata. Nikasema dira mbovu, nikairudisha. Fundi hakosi la kusema, eti?

Nikamwuliza mtoto wake ana umri gani. Alisema alikuwa na miaka sita alipomwacha, na sasa hakijui tena kimo chake. Nikamwuliza yuko wapi. Akanitajia Bondeni.

Bondeni! Kutoka pale, ukitembea bila haraka, unafika kabla jasho halijakutoka. Nikamwambia aache kujisumbua, akamchukue mtoto aje ajichagulie mwenyewe. Akainamisha macho.

"Niende mikono mitupu?" akaniuliza.

Yale yalikuwa maneno yangu mimi.

Kisha akaniuliza, kwa upole tu, "Na wako, huuliza nini?"

Sikuelewa. Akaeleza kuwa kila mtoto ana jambo analouliza, na ukilisikia ndipo unapojua cha kumnunulia. Nilifungua mdomo nimjibu. Niliyajua majina ya samaki wote wa vyumba vya baridi, niliijua sauti ya kila mashine ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa. Swali la binti yangu nilikuwa silijui hata moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na moyo ukanivuta kwenda Kaloleni dakika ile ile.

Kuificha aibu hiyo nilichukua kioo cha kukuza, nikainama kujifanya nasoma maandishi madogo ya boksi alilolishika. Herufi zikaja kubwa. Picha ya daraja ikaja, na ukingo wa boksi, mpaka nyuzinyuzi za karatasi nikaziona. Vidole vyake havikuwepo.

Nikaondoa kioo. Vidole hivi hapa, na kucha zake, na pete ya fedha. Nikarudisha kioo, boksi limesimama hewani peke yake. Nilifanya hivyo mara tatu, kama ninavyokijaribu kipimo nikishuku kinanidanganya. Hakikuwa kinanidanganya.

Alinitazama, akajua kwamba nimejua. Wala hakukasirika. Kama ni uso wa huzuni, ule ndio uso wa huzuni.

"Nenda, ndugu yangu," alisema. "Nenda hivyo ulivyo. Mimi ningali nachagua."

Jinsi nilivyotoka sikumbuki. Nakumbuka muundi wangu ukigonga ile fimbo, na nakumbuka Mzee Yusufali akija na kofia yake kichwani, ametoka kusali. Alinitazama, akatazama fimbo, akatazama ndani. Mwanamume hayupo. Boksi la daraja liko juu ya meza ya kuuzia. Nilitegemea mzee atanigombeza kwa kuiruka fimbo yake. Alikaa kwenye kigoda chake, akauliza polepole, "Leo amechagua kipi?"

Akanieleza. Mtu yule alikuwa baharia wa meli za mbali. Mkewe aliachana naye, akabaki na binti Bondeni. Kila meli ikitia nanga alikuja dukani Ijumaa mchana, na mzee akamwachia duka akachague wakati yeye anasali. Alichagua saa nzima, akaandika jina la binti juu ya boksi kwa penseli, akasema, "Niwekee, nitalichukua Ijumaa nyingine nikipata la kuandamana nalo." Alikuwa hawezi kwenda na kitu kimoja baada ya kukaa muda wote ule. Zikapita safari na safari. Halafu homa ikamuua katika bandari ya ugenini, na huko huko akazikwa. Mzee aliyabeba yale maboksi mwenyewe mpaka Bondeni, akakuta mama ameolewa tena, amehama na mtoto, na majirani hawajui alikokwenda.

Tangu hapo, kila Ijumaa akirudi kutoka msikitini hukuta boksi moja limeshuka kutoka rafuni. Yeye hulirudisha. Nikamwuliza haogopi? Akasema kwa nini amwogope mteja wake. Fimbo ile ya Ijumaa, alisema, si ya kuzuia watu wasiibe. Ni ili mwenzetu achague bila kusumbuliwa.

Sikununua kitu.

Nilikwenda Kaloleni na mikono yangu miwili mitupu. Asubuhi yake shemeji yangu wa Malindi akafika na gauni jipya, halua, na mtoto wa bandia mwenye nywele ndefu. Mimi nimekaa chini kando ya mtungi, nakunywa maji. Sidi alisimama mbali, kidole mdomoni. Nilitamani nimshike, nikaogopa atakimbia. Nikamwambia tu, "Sidi, kuna kitu unataka kuniuliza?"

Alisogea hatua moja, akautazama mtungi. Kisha akauliza, "Mbona maji ya mtungi ni baridi na jua ni kali?"

Niamini ama usiniamini. Katika maswali yote ya dunia hii, mwanangu aliniuliza la baridi, mimi ninayeishi kwa baridi. Nilichota maji kwa kata, nikamlowesha mkono, nikamwambia apulize. Alipuliza, akaruka. Nikamweleza kwamba maji yakiondoka kwenye ngozi huondoka na joto, na mtungi nao unatoka jasho, uguse nje uone. Akaugusa. Akauliza, na ndoo ya plastiki je? Nikasema ndoo haina matundu ya kutokea jasho. Akauliza, na bibi akitoka jasho anapoa? Tukaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa. Mtoto wa bandia alikuwa kwenye mkeka, amelala chali, hana wa kumshika.

Walipomwuliza aende na nani, alininyooshea kidole akasema, "Huyu wa mtungi." Neno baba lilichukua miezi mitatu kuja. Nililia lilipokuja, na sioni haya kukwambia.

Baadaye nilimpeleka kwa Mzee Yusufali, Jumamosi kwa makusudi, akajichagulia mwenyewe. Alichagua ile ile dira niliyoiita mbovu. Sindano ikatulia upande wa Nyali, nzima kabisa.

Mzee ameshafariki na duka siku hizi linauza simu. Uchochoro ule sipiti Ijumaa mchana. Si kwa hofu. Ni kwamba nikifikiria yule bwana bado amesimama pale, rafu yenyewe haipo, na bado anatafuta kilicho bora, moyo unaniuma sana.

Kwa hiyo nakuonya. Ukikuta fimbo imelazwa mlangoni, usiiruke, hata ukiona mtu ndani. Na kama una mtoto mahali anakungoja, usikae dukani. Nenda kasikie anauliza nini.

Nasema hivi nikijisema mwenyewe. Sidi yuko ng'ambo sasa, anatengeneza mitambo ya maji, na ana binti wa miaka sita ambaye nimemwona kwenye picha tu. Mwaka wa tatu huu nasema nitakwenda nikipata zawadi inayomfaa. Kila ninapoingia duka la vitu vya watoto huomba kwanza kioo cha kukuza, nikatazama vidole vyangu. Vipo. Ila juzi ilinibidi nikifute kioo mara mbili ndipo nikaviona.

Nilitoka moja kwa moja nikaenda kukata tiketi. Zawadi sijanunua, na sinunui.